Kijana fundi, usikaze klachi ya lori kabla ya kupima

Tuseme wewe ni fundi kijana katika gereji ndogo kando ya barabara, kati ya Litein na Kapkatet. Ni saa tisa alasiri, mawingu yamefunga upande wa Kericho na unajua mvua haiko mbali. Lori kuukuu linaingia, injini ikinguruma kuliko mwendo wenyewe. Dereva anatoa kichwa dirishani na kukwambia: "Fundi, klachi imelegea. Nikazie mara moja niende, majani yananingoja vituo vitatu."

Ukichukua spana mara hiyo na kuingia chini ya lori, ukakaza kama ulivyoambiwa, dereva atashukuru, atakupa chochote na kuondoka. Huenda hata akaupanda mlima wa kwanza bila shida. Lakini kama hukupima, kuna uwezekano mkubwa umeiua klachi ambayo ingefanya kazi miezi mingi zaidi. Pengine pia umemtuma mtu kwenye mteremko akiwa na gari ambalo hawezi kulitawala.

Makala haya ni yako wewe unayejifunza umekanika wa malori katika jua kali, na wewe utingo unayetarajia kushika usukani siku moja. Tunazungumzia klachi ya vyuma vitupu, yaani ile ambayo pedali imeunganishwa na klachi kwa fito na vyuma vya kusukumana, bila mafuta wala upepo. Malori mengi ya siku hizi, yakiwemo ya Isuzu na Fuso unayoyaona kila siku, hutumia mafuta kusukuma klachi. Ukiona kichupa cha mafuta ya klachi, huo ni mfumo mwingine. Anza kwa kuangalia kiwango cha mafuta na mahali yanapovuja, kisha ufuate kitabu cha gari hilo, maana mengine hujirekebisha yenyewe.

Hata hivyo, malori ya fito hayajaisha. Yapo yanayobeba kuni za viwanda vya chai, mbolea, mawe na mchanga, na msimu wa majani mengi ukifika, hata chai. Kijana anayejua kuyarekebisha vizuri hakosi kazi.

Kwa nini klachi haidumu huku kwetu

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua huku hunyesha karibu mwaka mzima. Kutoka lami kwenda vituo vya kununua majani chai, barabara nyingi ni za murram. Zikilowa ni utelezi, na karibu zote ni kupanda na kushuka.

Lori la majani husimama kituoni, magunia yanapimwa na kupakiwa, kisha linaondoka kuelekea kituo kingine. Kila kituo linazidi kuwa zito, na mara nyingi linang'oa likitazama mlima. Kila mara linapong'oa, sahani ya klachi huteleza kidogo kabla ya kushika. Huko ni kulika kwa kawaida. Lori linalokwenda safari ndefu kwenye tambarare halihitaji kung'oa mara nyingi hivyo kwa siku.

Ongeza hapo tabia zetu. Kuna dereva anayeendesha mguu ukiwa umelala juu ya pedali, kama mtu aliyeegemea ukuta. Kuna yule anayelizuia lori mlimani kwa kucheza na klachi na mafuta badala ya kuvuta handibreki. Wote wawili wanachoma sahani bila kujua.

Nayo majani mabichi hayangoji. Yakikaa yameshindiliwa ndani ya gunia hupata joto na kuanza kugeuka mekundu, na kiwanda kinaweza kuyakataa. Wakulima wadogo wanaohudumiwa na KTDA nchini ni zaidi ya 600,000, nao hulipwa kwa kilo, halafu bonasi hutegemea bei ambayo chai yao imepata sokoni. Lori likikwama njiani kule Mogogosiek au Kapkoros, anayeumia si mwenye lori peke yake. Kuna mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi, na jasho lake liko ndani ya gunia hilo.

Ndani ya klachi kuna nini?

Chukua daftari ulibane kati ya viganja vyako viwili. Kiganja cha kushoto ni flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Kiganja cha kulia ni presha pleti, inayosukumwa na springi kali. Daftari ndilo sahani ya klachi, nayo imeunganishwa na gia boksi. Viganja vikibana na kuzunguka, daftari nalo litazunguka. Kiganja cha kulia kikiachia kidogo, daftari linabaki huru, na hapo ndipo unapoweza kubadilisha gia.

Kazi ya pedali ni kuachilia kile kiganja cha kulia. Ukikanyaga, fito husukuma uma wa klachi, uma husukuma beringi, nayo beringi hubonyeza vidole vya presha pleti. Ukitoa mguu, springi ya kurudisha huvuta kila kitu nyuma.

Sasa sikiliza kwa makini. Mguu ukiwa haupo kwenye pedali, beringi haitakiwi kugusa vile vidole. Lazima kuwe na mwanya mdogo, mara nyingi kama milimita 3 hivi. Mwanya huo unapofika kwenye pedali unakuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya urefu wa vyuma: pedali inashuka kwanza kwa wepesi, kisha inakuwa nzito. Ule mwendo mwepesi wa mwanzo ndio mafundi huuita plei. Kwa malori mengi ya zamani ni kama sentimita 2.5 hadi 4, ila kipimo cha kitabu cha lori lenyewe ndicho cha kufuatwa.

Mafundi wengi wachanga huteleza papo hapo. Wanadhani klachi ikizeeka pedali hulegea, kwa hivyo dawa ni kukaza. Kwenye klachi hii ya fito mambo ni kinyume. Sahani ikilika na kuwa nyembamba, presha pleti husogea karibu na flaiwili, na ncha za vidole vyake hutoka nje kuifuata beringi. Mwanya unapungua wenyewe na plei inakwisha. Pedali ikilegea kupita kiasi, shuku kitu kingine: pini zilizolika, matundu yaliyopanuka, fito iliyopinda au nati iliyojifungua.

Plei ikiisha, beringi inabaki imeegemea vidole mchana kutwa na kuungua. Vidole navyo vinabonyezwa hata kama hakuna anayekanyaga pedali, kwa hivyo springi hazibani sahani kwa nguvu zote. Sahani inateleza, inapata moto, na unasikia ile harufu kali ya kuungua ambayo kila utingo wa huku anaijua.

Magonjwa mawili, dawa mbili

Dereva akisema "klachi imelegea", muulize maswali kabla ya kushika chombo, maana neno hilo moja hubeba magonjwa mawili tofauti kabisa.

La kwanza ni kuteleza. Unapanda mlima, unakanyaga mafuta, injini inalia lakini lori haliongezi mwendo. Harufu ya kuungua inafuata. Hii ni klachi isiyobana vizuri. Plei inaweza kuwa imekwisha, sahani inaweza kuwa imelika, au mafuta ya injini yamevuja yakaingia kwenye sahani. Kama ni mafuta, hakuna nati utakayozungusha ikasaidia.

La pili ni kutoachia. Unakanyaga pedali hadi chini lakini gia inakataa kuingia, au inaingia kwa kukwaruza, hasa rivasi na gia ya kwanza. Huenda plei imezidi, kwa hivyo sehemu kubwa ya mwendo wa pedali inapotea bure.

Umeona shida? Anayeteleza kwa kukosa plei anahitaji kuongezewa nafasi, yaani kulegezewa. Aliye na plei nyingi mno ndiye wa kupunguziwa. Mkumbuke dereva wetu wa saa tisa. Lori lake liliingia injini ikilia kuliko mwendo. Huyo anateleza, lakini anaomba akaziwe! Ukimtii, utammalizia hata ile nafasi kidogo iliyobaki.

Jinsi ya kuifanya kazi yenyewe

Kwanza, lori liwe mahali tambarare na pagumu, si kwenye matope. Vuta handibreki, weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako. Usimwachie dereva. Wapo waliowasha lori fundi akiwa bado chini.

Pili, safisha. Matope ya huku hujaa kwenye viungo vyote vya fito. Usipulize vumbi linalotoka kwenye nyumba ya klachi kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Lowesha kwa maji, pangusa, na utupe kitambaa hicho.

Tatu, kagua viungo. Shika fito utikise. Kama pini zinacheza kwenye matundu, badilisha pini na bushi kwanza. Angalia kota pini zote zipo, na si kipande cha waya wa ua kilichofungwa na mtu njiani. Angalia springi ya kurudisha ina nguvu. Tia mafuta au grisi panapostahili. Mara nyingine ugonjwa wote uko hapa na hutahitaji kugusa nati.

Nne, pima. Simamisha rula kando ya pedali. Isukume kwa mkono, wala si kwa mguu, kwa sababu mguu una nguvu nyingi na hautahisi pale wepesi unapogeuka kuwa uzito. Soma pedali ikiwa juu, kisha usome pale inapoanza kukaza. Tofauti ndiyo plei. Iandike kwenye karatasi. Rudia mara tatu.

Tano, rekebisha. Kwenye fito karibu na uma utakuta nati ya kurekebishia na nyingine ya kuifunga, ile tunayoiita loknati. Legeza loknati kwanza. Zungusha ile ya kurekebishia nusu mzunguko tu, kisha shika uma kwa mkono uone kama mwanya umeongezeka au umepungua. Usikariri kwamba kulia ni kukaza na kushoto ni kulegeza, kwa kuwa malori hutofautiana jinsi fito ilivyopangwa. Uma ndio utakaokwambia ukweli. Panda juu, kanyaga pedali mara kadhaa, pima tena. Endelea hivyo nusu kwa nusu mpaka ufikie kipimo.

Sita, funga loknati huku umeishikilia ile nati nyingine kwa spana ya pili isizunguke. Halafu pima tena. Mara nyingi kufunga huko hubadilisha kipimo kidogo, na hapo ndipo kazi ya haraka hujulikana.

Saba, jaribu. Washa injini, kanyaga pedali hadi chini, hesabu sekunde chache, kisha ingiza rivasi. Ikiingia bila kukwaruza, inaachia. Ili kujua kama inabana, acha kabari zikiwa mahali pake na handibreki ikiwa imevutwa, na hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Ingiza gia ya juu, ongeza mafuta kidogo na uachie pedali polepole. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama kwamba hakuna kilichotokea, sahani inateleza. Fanya hivyo mara moja tu, maana jaribio lenyewe linaila klachi.

Mwisho, nenda na dereva kwenye mlima mdogo ulio karibu, mrudi, na mpime tena chuma kikiwa na joto.

Nati ikifika mwisho

Siku moja utazungusha ile nati na kukuta nyuzi zimekwisha. Hakuna nafasi tena. Hapo lori limekwambia kwamba sahani imelika, na dawa ni kushusha gia boksi na kubadilisha sahani, ukikagua beringi, presha pleti na uso wa flaiwili kwa pamoja.

Huo ndio wakati mgumu kuliko wote katika kazi hii, na hauhusu spana. Mwenye lori atakupigia simu: "Kijana, wewe weka hata washa, kunja hiyo fito, fanya vile unajua. Leo nipeleke majani, kesho tutaongea." Kurekebisha ni kazi ya saa moja na spana mbili. Kushusha gia boksi ni kutwa nzima au zaidi, pamoja na gharama ya vipuri. Anachotaka unakielewa. Pengine na wewe una kodi ya nyumba, na hutaki kumpoteza mteja.

Usikubali. Mwambie kwa adabu, "Mzee, hii imefika mwisho. Nikikunja fito, mlima utalikataa lori na majani yatalala barabarani." Mwonyeshe nati kwa macho yake. Msaidie kutafuta lori lingine la kuhamishia mzigo siku hiyo. Andika kwenye daftari ulichokuta na ulichomshauri, pamoja na tarehe. Anaweza kukasirika leo na kwenda kwa fundi mwingine, lakini akikwama, atakukumbuka wewe uliyemwambia ukweli.

Upande wa pili wa ukweli huo nao upo. Kuna fundi anayekuta plei tu imekwisha, lakini anamwambia mteja kwamba sahani imekufa ili auze mpya. Huo ni wizi, hata ukiwa umevaa ovaroli.

Mteremko hausamehe

Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani katika barabara ya Nakuru kuelekea Kericho, likagonga magari mengine na watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwemo wafanyabiashara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hakuna anayeishi huku ambaye hakuguswa na siku hiyo. Sisemi klachi ndiyo iliyoleta ajali hiyo. Ninaitaja kwa sababu inatukumbusha lori zito likiwa halitawaliki huwafanyia nini watu waliosimama kando ya barabara.

Klachi ina sehemu yake kwenye mteremko. Lori lililobeba mzigo linatakiwa kushuka likiwa kwenye gia ndogo, injini ikilizuia, ili breki zisibebe kazi yote na kupata moto hadi zishindwe. Klachi isiyoachia humnyima dereva ile gia ndogo: anajaribu, inakwaruza, inakataa, na ghafla yuko fri katikati ya mteremko akiwa na breki pekee. Klachi inayoteleza nayo haiwezi kuipitisha nguvu ya injini ya kulizuia gari. Kwa hivyo unapopima zile sentimita chache za plei, unampimia pia mama anayeuza ndizi kule chini kwenye makutano, ambaye hatakujua kamwe.

Ujuzi wako uwe na karatasi

Kama umejifunzia gerejini, usiridhike na kuitwa fundi tu. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya umekanika wa magari, kuanzia Gredi ya 3 kupanda hadi ya 1. Ina sehemu ya vitendo, na hapo aliyezoea kupima ana faida kubwa. Cheti hicho kinaweza kukufungulia mlango wa karakana ya kiwanda au ya kampuni ya usafirishaji, ambako hawatakuuliza baba yako ni nani bali unajua nini.

Lakini anza na kitu cha bei rahisi: rula na daftari. Kila lori linalopita mikononi mwako, andika plei uliyokuta na uliyoacha. Likirudi, utaona jinsi plei inavyopungua, na utaanza kujua mapema ni lini sahani itafika mwisho. Utampigia mwenye lori wakati majani ni machache, badala ya yeye kukupigia saa tisa alasiri mvua ikija.

Na yule dereva wetu? Mwambie azime injini, ashuke, anywe chai. Dakika chache za kupima hazitaharibu majani. Akiuliza mbona unalegeza ilhali alisema ukaze, mpe rula apime mwenyewe.